Sinema Nilizomsimulia Mama Akiwa Edani

Jumatano ya kwanza baada ya arobaini ya baba, mama alinitoa nyumbani niende sinema. Tangu tuzike hakuwa amesema maneno mengi. Alijibu salamu, aliomba maji, aliuliza kama jua limetua ili aswali, basi. Kwa hiyo aliponiambia, "Leo Jumatano. Nenda na wenzako ukatazame, uje uniambie," nilisimama na sufuria mkononi nikidhani nimesikia vibaya.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mkekani akichambua mchele. Yeye alisikia vizuri.

"Sinema! Wifi, sinema ndani ya eda?"

"Siendi mie. Anakwenda yeye."

"Na kaburi la kaka yangu halijaota hata majani."

"Yataota," mama akasema, akageukia ukutani.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji ambaye kwao desturi hii haipo. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne ya mwandamo na siku kumi. Muda huo hatoki nyumbani ila kwa dharura, hapaki wanja wala hina, hajitii manukato, havai dhahabu, na sisi watu wa pwani humvika nyeupe tupu. Shangazi aliongeza masharti yake mwenyewe: mama asitazame kioo, asicheke kwa sauti, asikalie mkeka mmoja na mwenye mimba. Baadaye nilimwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kuhusu habari ya kioo, akaniambia hajaiona katika kitabu chochote. Lakini kioo chetu kilikuwa kimeshafunikwa kanga, na hakuna aliyethubutu kuifunua. Siku zikitimia, wanawake huja asubuhi, humwogesha mjane, humvika nguo ya rangi, humfukiza udi, wakaomba dua na kula pamoja. Kuanzia hapo anarudi kwa watu.

Mama yangu alikuwa hataki kurudi. Siku chache kabla ya Jumatano hiyo alimwambia shangazi, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeagiza chumvi, kwamba siku ikifika asihangaike na maji wala nguo mpya. Yeye atabaki na nyeupe yake na chumba chake. Shangazi akamwambia dini hairuhusu mtu kuomboleza kupita muda uliowekwa. Mama akasema anajua. Shangazi akamwambia watu watasema. Mama akasema waache waseme. Na machozi hakuwa ametoa hata tone. Majirani walimsifu kwa subira, lakini mimi nililala naye chumba kimoja, nikamsikia anavyopumua gizani, na sikuona subira yoyote pale. Niliona mtu anayeondoka polepole huku amekaa palepale. Alikuwa anakula vijiko vitatu vya uji kwa siku. Nilikuwa nimezika mzazi mmoja, na niliogopa kwamba nauguza wa pili bila kujua ugonjwa wake.

Ndiyo maana nilikwenda sinema.

Tuliishi Kinondoni, wakati ambapo nyumba zilikuwa zimeachana na kati yake kulikuwa na minazi na mashamba ya muhogo. Kwenda mjini tulishuka Magomeni, tukavuka Jangwani, tukapita Kariakoo, na kama mvua ilikuwa imenyesha tulifika na matope mpaka kwenye pindo za mabuibui. Jumba la sinema lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao kila Jumatano alasiri. Picha nyingi za Kizungu serikali ilizichuja, nyingine ikaamua kwamba Waafrika wasiruhusiwe kuziona, kana kwamba tungetoka humo tumeshajifunza uhalifu. Picha za Kihindi hazikuwa na masharti hayo, nazo zikawa zetu.

Hakuna kati yetu aliyejua Kihindi zaidi ya maneno matano ya dukani. Hilo halikutuzuia. Mle ndani kila mwanamke alifasiri kwa sauti, na kama tafsiri zilipishana waligombana mpaka wimbo mwingine uanze. Mtu asiyejua lugha ya picha hutazama kwa makini kuliko anayeijua, kwa sababu inambidi asome mikono, na macho, na jinsi mtu anavyoweka kikombe mezani. Pengo linalobaki hulijaza kwa maisha yake mwenyewe. Nakuomba ulikumbuke hili, litakusaidia mbele.

Kabla ya msiba, bingwa wa picha pale mtaani alikuwa mama. Hakukosa Jumatano. Jioni wanawake ambao waume zao hawakuwaruhusu kwenda walijaa uani kwetu, naye aliwasimulia yote tangu mwanzo, na nyimbo akaziimba kwa Kihindi cha kwake mwenyewe. Na alitia rangi. Picha za siku zile zilikuwa nyeusi na nyeupe tu, lakini picha za mama zilikuwa na sari za zambarau, farasi wekundu, na mapazia ya rangi ya embe bivu. Wote tulijua anabuni, na hakuna aliyemkatiza. Baba mwenyewe alikuwa akisogeza kiti chake karibu na mlango wa uani, anajifanya anasoma gazeti.

Mimi sikurithi kipaji hicho. Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, na nadhani nilizaliwa mwalimu. Nikiona kitu nataka kukieleza kwa mpangilio, na nikiwa sina hakika nasema sina hakika.

Picha ya kwanza ilimhusu muuza bangili za kioo. Anampenda msichana ambaye mkono wake ndio pekee unaoingia katika bangili ndogo kuliko zote alizonazo. Baba wa msichana anamtaka mkwe mwenye motokaa. Mafuriko yanakuja, taa zinazimika, na muuza bangili anamtambua msichana gizani kwa kumshika kifundo cha mkono. Nilirudi nyumbani kabla ya magharibi, tukaswali, nikakaa kitako mbele ya mama nikaanza.

"Mahali penyewe ni mji, nadhani wa kaskazini, kwa sababu watu walivaa shali. Wahusika wakuu ni watatu. Wa kwanza..."

"Unafundisha," mama akasema.

"Nini?"

"Nimekwambia uje uniambie. Wewe unafundisha. Bado kidogo uniulize maswali."

Shangazi akacheka puani. Mimi nikaanza upya. Nilipofika kwenye harusi mama akauliza, "Alivaa nini?"

"Sari."

"Ya rangi gani?"

"Rangi sikuiona mama, picha haina rangi. Kama kijivu hivi. Kijivu cha kukoza."

"Kijivu," mama akasema, akafumba macho. "Mtoto wa watu anaolewa na kijivu."

Usiku ule alikula uji wake vijiko vitatu kama kawaida. Lakini alikuwa amenikosoa, na mtu anayekukosoa bado yuko nawe. Nililala usingizi wa kwanza tangu msiba.

Basi ikawa kila Jumatano. Nilimsimulia picha ya ndugu wawili wanaogombea shamba, na ya mwimbaji kipofu, na ile ya mjomba mnene anayejifanya mgonjwa ili apikiwe nyama. Usimuliaji wangu ulibaki wa hovyo. Nilisahau majina, nilirudi nyuma kusahihisha, nilisema "hapa sikuelewa" mara tatu kwa kila picha. Mama alinirekebisha kwa picha ambazo hakuziona. "Hapana, huyo hawezi kuwa dada yake, angemtazama vile?" Na mara nyingi alikuwa sahihi. Shangazi, aliyekuwa akikaa mlangoni kuonyesha kwamba hayumo, alisogeza mkeka wake wiki hadi wiki. Wiki ya ugonjwa wa mjomba alishindwa kujizuia.

"Na nyama akapewa?"

"Shangazi, wewe si husikilizi?"

"Sisikilizi. Nauliza nyama tu."

Uji ukawa vijiko sita, kisha bakuli. Ila kila shangazi alipotaja siku ya kutoka, mama alirudia jibu lake kwa sauti ileile. Alikuwa anaishi, sawa, lakini ndani ya chumba kile. Nikaanza kuogopa kitu kipya: kwamba kwa kumletea dunia kitandani nilikuwa nampunguzia sababu ya kuifuata nje.

Ikaja Jumatano ya kumi, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa.

Picha ilianza na harusi ya nyumba kubwa. Bibi harusi alikuwa mdogo wa umri, mchekaji, mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko. Mume akapanda treni kwenda kazini mji wa mbali. Tukaona treni, tukaona daraja, tukaona barua, na tukajua. Wanawake wakubwa wa ile nyumba wakamshika msichana mikono, wakagonga bangili zake ukutani mpaka zikapasuka zote, wakamvika sari nyeupe isiyo na pindo.

Jumba zima la sinema likasema kwa pamoja, "Kaingia eda."

Mimi nilikuwa nimetoka nyumba yenye nyeupe hiyohiyo. Jirani yetu mpika maandazi, ambaye alikaa kando yangu na aliyekuwa na sauti ya kuita basi kutoka ng'ambo ya barabara, akanipiga goti. "Usilie. Miezi minne na siku kumi si mingi. Hawa picha zao ni ndefu, tutamwona anatoka."

Tukangoja. Mvua ikanyesha katika picha, ikakatika. Mke wa shemeji yake akajifungua mtoto. Msichana wetu bado na nyeupe. Mtoto akatambaa.

"Jamani eda gani hii?" mtu akauliza nyuma.

"Labda hesabu zao ni za Kizungu."

"Hata za Kizungu! Mtoto kaota meno!"

"Labda alifiwa tena hatukuona."

"Kafiwa na nani, na mume alikuwa mmoja?"

Watu wakacheka. Mtoto akaenda shule na ubao wake. Mvua ikanyesha tena. Kukawa na sikukuu, watu wakarushiana unga uani, na msichana akasimama kizingitini akitazama. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mbona hawamtoi?" na safari hii hakuna aliyecheka. Mwisho wake yule mtoto mwenyewe akaoa, sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Ngoma zikapigwa, na yule mwanamke akabaki kizingitini na nyeupe yake. Picha ikaisha hapo, taa zikawaka. Tukatazamana. Tulikuwa tumekaa saa tatu tunangoja mtu atoke eda, na hakutoka.

Njia nzima wanawake walibishana. Mpika maandazi alishikilia kwamba kipande kilikatwa, kwamba mwendesha mashine alikuwa na haraka. Mimi nilijua halikuwa kosa la mashine, lakini sikujua ni la nini. Tulipofika Kinondoni niliwaacha wenzangu nikaingia duka la pembeni kwetu kununua mafuta ya taa. Mke wa mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapahapa mjini, tulilingana umri, na Kiswahili chake kilikuwa cha uani kama changu. Nikamwuliza.

"Ninyi mlikuwa mnangoja nini?" akasema.

"Atoke eda."

Alianza kucheka, halafu akaacha.

"Kwetu haina kutoka, dada. Desturi ya zamani, mwanamke akifiwa ni nyeupe mpaka naye afe. Siku hizi wengine wameacha. Lakini yule wa kwenye picha, kwake hakuna siku ya mwisho."

Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalikwenda nyuma ya duka. Pale mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi, anachambua choroko katika sinia. Nilimfahamu bibi huyo miaka yote tuliyokaa mtaa ule. Siku zote alivaa nyeupe, na siku zote nilidhani anapenda usafi.

Nilitembea kwenda nyumbani na chupa ya mafuta, na hatua zangu zilikuwa fupi. Nimwambie nini mama? Kwa mara ya kwanza nilikuwa na picha inayofanana naye kabisa, na mwisho wake ulikuwa uleule anaoutaka. Nikimweleza kama ilivyokuwa, nitakuwa nimempa mwenzake. Atasema, mwaona, wako wanaobaki. Mimi niliyejivunia kutoongeza hata neno, nikaamua kusema uongo.

Baada ya magharibi nikakaa. Shangazi alikuwa karibu sana siku hizo, mkeka wake ulishagusana na wangu. Nikasimulia harusi, treni, barua. Nilipofika kwenye bangili mama akanyanyuka, akakaa wima. Nilipotaja nyeupe alishika upindo wa shuka yake mwenyewe, nadhani bila kujua.

"Kaingia eda," akasema.

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu zikatimia. Wanawake wakaja, wakamwogesha."

"Alhamdulillahi," shangazi akasema.

"Akatoka?" mama akauliza.

"Akatoka."

"Walimvika nini?"

"Sari ya kijani," nikasema. "Kijani cha jani changa la mgomba, na pindo la dhahabu."

Taa ya chemli ilikuwa ikifuka moshi, nikainama kupunguza utambi ili nisimtazame usoni.

"Kijani umekionaje?" mama akauliza.

Nikaendelea kuhangaika na utambi.

"Wiki kumi unaniletea kijivu. Kijivu cha kukoza, kijivu cha kufifia, kijivu kama jivu. Nimekuomba rangi, umeninyima. Leo una jani la mgomba, tena changa!" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Rangi ni uongo wangu mie. Wewe huujui. Mwongo mkubwa we, niambie haki."

Shangazi alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, na mabega yanamtikisika. Na mama, Mungu ni shahidi yangu, alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu na kifupi, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Ndipo nikamwambia haki, na niliisema kama mwalimu, kwa mpangilio, kwa sababu sijui njia nyingine. Nikamweleza mvua, mtoto, meno, ubao, ndevu. Nikamweleza tulivyongoja na tulivyouliza. Nikamweleza maneno ya mke wa mwenye duka.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walimfungia mlango?"

"Hapana. Ulikuwa wazi. Alisimama kizingitini."

"Nani alimkataza?"

"Hakuna aliyesema neno. Wote walijua, na yeye alijua."

"Na ninyi mkakaa mnangoja."

"Mpaka taa zikawaka, mama. Jirani anasema kipande kimekatwa."

Hapo ndipo alipolia. Sikuwahi kumwona mama akilia namna ile, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka, na maneno yakitoka vipande vipande. Alimlilia yule msichana kwanza, nina hakika. Alisema, "Maskini, maskini, hawakumwekea siku." Kisha akamlilia baba kwa jina lake, jina ambalo hakulitaja tangu mazishi. Shangazi naye akalia, kaka yake alikuwa. Tukakumbatiana watatu juu ya mikeka miwili, na uji ukaungulia jikoni.

Alipotulia akajifuta kwa shuka. "Mie nilidhani ile siku ya mwisho ni ya watu," akasema. "Nilidhani watu huchoka na msiba wa mwenzao, wanaweka siku ili wapumzike. Nikasema, mie sichoki, basi sitoki. Nikitoka ndio nimemwacha. Kumbe aliyeiweka alituonea huruma."

Halafu akamgeukia shangazi. "Wifi, zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Usisahau kuchemsha maji. Ya baridi siogi."

Nilitoka uani nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga. Nakumbuka nilitazama nguo za shule zilizosahauliwa kwenye kamba nikaona ni nzuri mno. Ndivyo faraja inavyokuja kwa watu wa aina yangu. Haiji na wimbo. Unagundua tu kwamba mabega yako yalikuwa yamepanda kwa karibu miezi minne, na sasa yameshuka.

Nimeifikiria sana picha ile tangu hapo. Waliotengeneza walitaka, nadhani, kuwakasirisha watu wao juu ya desturi yao. Ule ulikuwa ugomvi wa nyumba yao, na hawakujua kwamba ng'ambo ya bahari kutakuwa na ukumbi wa wanawake wasiojua lugha, watakaoitazama kwa hesabu ya miezi minne na siku kumi. Kosa letu lilikuwa kosa kubwa, hatukuelewa kabisa tunachotazama. Lakini kosa hilo ndilo lililotufundisha. Laiti tungejua tangu mwanzo kwamba hatatoka, tusingengoja, na kama tusingengoja tusingejua uzito wa kitu tulichopewa sisi bila kukiomba. Kwa hiyo ukikaa mbele ya picha usiyoielewa, usione haya. Ngoja, uliza maswali, kosea. Na kama nyumbani una mtu asiyeweza kutoka, nenda ukamsimulie, hata kama husimulii vizuri. Mimi nilikuwa msimulizi mbaya kuliko wote mtaani, na nadhani ubaya wangu ndio uliomfaa mama. Msimulizi hodari angemtuliza, akabaki kitandani. Mimi nilimlazimisha kunisahihisha.

Siku ikafika. Maji yalichemshwa asubuhi na mapema, wanawake wakajaa, shangazi akatoa amri mpaka sauti ikamkauka. Mama akafungua sanduku lake mwenyewe, akatoa doti ya kanga nyekundu iliyokuwa haijavaliwa. Akafukizwa udi, dua ikasomwa, tukala. Mpika maandazi alileta kapu zima na bado akadai kipande kile kilikatwa.

Watu walipotawanyika shangazi akaanza kupanga ziara: kwanza kwa jamaa wa Temeke, kisha kwa mashemeji. Mama akavaa buibui lake.

"Hao kesho," akasema. "Leo nipelekeni dukani."

Nilikwenda naye mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mchanga wa barabara tangu msiba, na alitembea akiwa amefinya macho kwa sababu ya jua, ananiegemea kidogo. Dukani alimsalimu mke wa mwenye duka, akapita moja kwa moja mpaka nyuma, kwa bibi mwenye nyeupe. Bibi akamtazama kuanzia miguuni. Kisha akasogeza kigoda cha pili kwa mguu.

"Umetoka," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini kilitosha.

"Leo."

"Pole sana kwa mzee. Alikuwa mtu wa salamu."

"Ahsante, bibi." Mama akakaa, akasema, "Mwanangu ameniambia habari ya picha."

"Nimesikia. Mkwe wangu ameniambia mlikuwa mnangoja." Bibi akacheka polepole, meno machache. "Picha ni picha. Mimi hakuna aliyenifungia. Wanangu wameniletea sari za rangi, ziko sandukuni. Nimekataa mwenyewe."

"Kwa nini?"

Bibi aliendelea kuchambua. Jiwe moja dogo akalitupa nje ya sinia.

"Rangi zote nilizovaa alinunua yeye," akasema. "Za mtu mwingine sizitaki."

Mimi niliyekuwa nimemaliza hesabu zangu zote juu ya desturi hii na ile, nikaona kwamba sijui kitu. Mama alifungua buibui kidogo akamwonyesha kanga.

"Hii nayo alinunua yeye. Wiki moja kabla hajaugua. Sikuwahi kuivaa."

Bibi akanyoosha mkono, akashika upindo wa kanga kati ya vidole viwili, akaipima kama mwenye duka anavyopima kitambaa.

"Nzuri," akasema. "Basi wewe vaa."

Akasukuma sinia katikati yao. Mama akavuta choroko upande wake akaanza kuchambua. Nilisimama pale nikingoja, mpaka mama akainua macho.

"Wewe nenda nyumbani, una madaftari ya watoto. Mie najua njia."

Nilipofika mlangoni nilisikia sauti zao zinapanda. Mama alikuwa anasema choroko hulowekwa usiku kucha, na bibi anasema usiku kucha ni kuziharibu, saa mbili zinatosha, na mama anauliza, zinatosha kwa meno ya nani?